Wa Kwanza Hayupo

Kwenye hospitali ya macho walimwita Mjuaji, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Ndiye aliyeandika programu ya mapokezi: unaingiza namba ya mgonjwa, kompyuta inaitafuta kwenye orodha ya siku, inasema yupo au hayupo. Kwa hilo tu akatembea kifua mbele, utadhani ameyaumba macho yenyewe.

Kila asubuhi mgonjwa mmoja alirudishwa nyumbani, eti hayupo. Dada wa mapokezi alilalamika mpaka akachoka kwamba ni yule wa juu kabisa kwenye orodha, kila siku. Mjuaji akamjibu kuwa wagonjwa ni waongo na yeye ni mvivu. "Kompyuta ikisema hayupo, hayupo," akamwambia mbele za watu. Mdomo ule, loo!

Sasa mama yake mzazi alikuwa anapofuka, na daktari wa upasuaji alikuwa anakuja siku moja tu kabla ya kuhamia mbali. Mama aliandikishwa mwisho. Mjuaji, bila haya, akafungua orodha akampandisha juu kabisa, mbele ya bibi mmoja aliyewahi kuliko wote.

Siku ilipofika akamshika mama mkono hadi dirishani. Dada akaingiza namba, akatazama, akasema taratibu, "Hayupo."

Mjuaji akafoka, akamwondoa dada kitini, akafungua programu. Ndipo akaliona kosa. Kompyuta huanza kuhesabu na sifuri, kwa hiyo mtu wa kwanza hukaa nafasi ya sifuri. Naye alikuwa ameandika kwamba jibu likiwa sifuri, mtu hakupatikana. Wale wote aliowaita waongo walikuwepo.

Angerekebisha, lakini kosa lake lingeonekana. Basi mshenzi yule akabadilisha nafasi za bibi na mama, bibi akawa wa kwanza, mama wa pili. Mama akaitwa. Nyuma yake bibi akaambiwa hayupo, akaanza kulia.

Mama akasimama mlangoni. "Mwanangu, macho ndiyo yameniisha, masikio ninayo. Umemfanya nini mwenzangu?"

Ikabidi Mjuaji aseme, neno kwa neno, huku dada akimkodolea macho. Bibi akaingia. Mama akataka arudishwe mahali pake, mwisho, na daktari akaondoka zamu ya mama haijafika.

Mjuaji akanyoosha mkono amwongoze nyumbani. Mama akaupapasa, akautambua, akauachia. Akaomba apelekwe na dada wa mapokezi.