Siku Wacheza Gemu Walipopigia Kura Posa ya Zuhura

Haya nayasema mwenyewe, maana pale Tandika bado wanayasimulia na kuongeza chumvi, na wapo wanaoapa kwamba siku ile nilikuwa sina hata shati. Shati kweli sikuwa nalo, nilikuwa na singlendi na msuli, lakini hayo tutayafikia, na aibu yenyewe haikuwa kwenye nguo.

Enzi hizo vyama vingi ndiyo vimeingia, kila kijiwe kina mkutano na kila mtu anadai kuulizwa. Mie shule niliiachia darasa la sita alipokufa mama (baba alikuwa katangulia), nikabaki na Zuhura anayenifuata na wadogo wawili wa kiume, na mtaji wangu ulikuwa tivii ya marehemu baba na mashine ya gemu niliyoipata Kariakoo. Sebule ikawa ndiyo kibanda, mabenchi mawili, pazia la kuingilia uani na dirisha lililojaa vichwa vya wasio na hela. Gemu ilikuwa ya mpira, na ilikuwa na ugonjwa wake: ukipiga shuti kutokea pembeni mwa boksi, upande wa kulia, kipa analala kama kapewa dawa. Kila siku ngumi. Ndipo Chidi, fundi baiskeli wa jirani, akaja na shauri lake.

"Braza Musa, walioitengeneza wako Japani huko, hawatujui wala hawatatuuliza. Wanaocheza ni sie. Tupige kura."

Tukapiga, goli la pembeni likafutwa, na ngumi zikaisha siku hiyohiyo, nami nikajiona kiongozi wa taifa. Basi ikawa kila kitu kura. Kuna mshambuliaji mmoja humo ndani ya gemu alikuwa anakimbia kama pikipiki, tukampiga marufuku. Dakika za mchezo, kura. Kaseti gani ibadilishwe, kura. Hata vichwa vya dirishani nikawa navihesabu (hawalipi, lakini mikono wanayo), kwa sababu nilishanogewa na ile kusimama mbele na kusema wanaokubali wanyooshe. Na hapo ndipo Chidi akapitisha sheria yake: anayeshinda haondoki, na mashine haizimwi mpaka afungwe. Mikono juu, nikabariki.

Jumamosi iliyofuata washenga walikuwa wanakuja kumposa Zuhura. Kijana alikuwa Selemani wa Mbagala, mtu wa heshima zake, na mie ndiye walii, msimamizi wa ndoa yake, baba hayupo, baba mdogo hayupo, ni mie. Nilipanga kufunga kibanda adhuhuri, nifagie, nitandike mkeka, nivae kanzu. Adhuhuri ikafika, Chidi kakaa kwenye benchi tangu asubuhi, hafungiki.

"Chidi, nyanyuka, nina wageni."

"Sijafungwa, braza."

"Nazima."

"Unazimaje, na sheria umeipitisha mwenyewe?"

Dirishani wakaanza, udikteta, udikteta, na mtu mwenye akili angechomoa waya akawafukuza. Mie nikasema haya, tupige kura tufunge au tusifunge. Nilishindwa vibaya, mkono wa kufunga ulikuwa wangu peke yangu. Nikaona dawa ya moto ni moto, nikavua shati kwa joto, nikajifunga msuli, nikachukua pedi ya kuchezea nikae nimfunge mwenyewe sheria iishe.

Alinifunga. Nikasema tena. Akanifunga tena, sasa kwa kunicheka, na mie nimeng'ang'ana, mgongo mlangoni, jasho linanitoka, na mtu alipiga hodi na kutoa salamu, lakini kila akisema "Asalaam aleikum" dirisha zima linaitika "Gooo". Nilikuja kushtuka ukimya ulipoingia. Nyuma yangu wamesimama wazee watatu wa kanzu.

"Tunamuulizia mwenye nyumba," alisema mshenga wao.

"Ndiye huyo anayefungwa," likajibu dirisha.

Nikasimama, nikatoa shikamoo zangu, msuli nimeushika kwa mkono mmoja, nikawakalisha kwenye mabenchi, na Chidi akasogea kidogo tu (tivii inawaka, maana hajafungwa). Mshenga alikuwa mtu mzima kwelikweli, akajikaza, akaanza maneno yake mazuri kwamba wamepita njiani, wameona ua limechanua humu ndani, na kijana wao anaomba ruhusa. Nikakohoa nijibu. Kabla sijajibu, Chidi, bila kugeuza hata shingo, akasema, "Piga kura, braza."

Wallahi sikuisema mie. Lakini mikono ya watu ilishazoea. Mmoja akauliza wanaokataa ni wangapi, na dirisha lote likanyoosha, na ndani pia, kwa sababu Zuhura ndiye aliyekuwa anawaachia wamalizie mchezo mie nikienda msikitini, na akiolewa anakwenda zake Mbagala kwa Selemani, ambako hakuna gemu.

"Imekataliwa," akasema Chidi.

Mshenga akaokota bakora yake. "Mwanangu, sie tulitumwa kwa kaka mtu. Hatukuambiwa humu mna bunge." Wenzake wakanyanyuka. Mie nikawa nimenaswa, maana nikisema kura ile ni batili, nimebatilisha zote, na nikinyamaza, nimempotezea mdogo wangu mume kwa ajili ya mpira wa kwenye tivii.

Pazia likatikisika. Kwetu mwali haongei siku ya posa, anaulizwa faragha na walii wake, na akinyamaza ndiyo amekubali. Sasa ndipo nikakumbuka kwamba nimemuuliza Chidi, nimeuliza dirisha, na Zuhura mwenyewe sijamuuliza.

"Kaka," alisema kutokea uani, na sauti ilifika mpaka barabarani, "mie ndiye nitakayekwenda kulala huko, hao wanaonyoosha mikono wanalala kwao. Na msije mkasema nimenyamaza. Selemani namtaka. Na hiyo takataka izime."

Wazee wakatazamana. Yule mshenga akaketi taratibu, akafunika mdomo kwa ncha ya kilemba, na mabega yake yakawa yanacheka. Mie nikachomoa waya, nikawatoa wote, Chidi wa mwisho, nikarudi na singlendi yangu nikasema tumekubali.

Aliolewa. Kibanda kiliendelea, na kura za goli la pembeni niliziacha zilivyo, kwa sababu pale anayepiga kura ndiye atakayefungwa, na hakuna ajuaye ugonjwa wa gemu kuliko yeye. Lakini mambo mengine, nikihisi ulimi unaniwasha kuitisha mikono, kwanza naangaza macho nione nani hayumo chumbani.