Programu Iliyomridhisha Ng'ombe

Jumatatu nilifika studio moja hapa Bariadi kuchukua picha zangu za pasipoti. Mpiga picha alikuwa ameinamia kompyuta, huku bibi harusi mtarajiwa akiwa kulia kwake na baba wa binti kushoto. Picha waliyoisubiri ilimwonyesha binti akiwa ameshika kamba ya ng'ombe wa mahari.

Mpiga picha aliifungua kwanza kwa programu anayoitumia kila siku kusafishia na kuzipa rangi picha ghafi zinazotoka kwenye kamera. Ngozi ya binti iling'aa, naye akapiga makofi.

"Huyo ng'ombe mwekundu ni wa nani?" baba aliuliza. "Tulikubaliana wa kijivu, na wa kijivu ndiye aliyeletwa. Kaka yangu kule Mwandoya akiona hii atasema tumedanganywa, na harusi itasimama."

Ikafunguliwa programu ya pili. Ng'ombe akawa wa kijivu. Binti naye akawa wa kijivu.

"Baba, nimekuwa kama mgonjwa wa malaria!"

"Mwanangu, wewe baba yako mkubwa anakujua. Ng'ombe hajamwona."

"Basi nikateni, abaki peke yake!"

Baba hakusita. Aligusa kioo kwa kidole. "Mkate, ila mkono ulioshika kamba uache. Kaka ajue ng'ombe ni wa nani."

Programu ya pili ikashinda. Makala nilizowahi kusoma hushauri mtu achague programu hizi kwa kuzingatia kasi na bei. Nadhani waandishi wake hawajawahi kupokea mahari.