Maua Juu ya Spika ya Kanisa

Wiki jana nilirudi Ruiri kwa harusi ya binamu yangu. Mle kanisani walipanga spika za besi kubwa kama makabati, na zilipoanza kunguruma, kifua kikanitetemeka. Wacha nikuambie ukweli, rafiki yangu, sikupenda. Nikamkumbuka nyanya.

Nyanya ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo za kina mama tangu kabla mamangu hajazaliwa. Nilipofika darasa la tano, masikio yake yalikuwa yamekwisha, wala hakujali. Sakafu ya kanisa ilikuwa ya mbao. Alivua viatu, akakanyaga zile mbao, na mdundo wa ngoma ukampanda miguuni. Aliimba hivyo bila kukosea.

Kisha kanisa likanunua kinanda cha umeme na spika ya besi, ngoma ikatupwa stoo. Aisee, spika ile! Mdundo mmoja ukipigwa, yenyewe iliendelea tu kuvuma, hata ukija wa pili unamezwa na wa kwanza. Nyanya akaupoteza mdundo. Jumapili moja aliimba mstari mzima peke yake watu wote wakiwa wamenyamaza, na watoto wakamcheka. Jumapili iliyofuata alikataa kutoka nyumbani.

"Mungu husikia hata jikoni," alisema, akichochea moto. Lakini hakuimba hata jikoni, na hilo liliniuma.

Jirani yetu, fundi wa redio pale sokoni, alitukuta jioni moja tukiambua maharagwe. Aliketi mbele ya nyanya ili nyanya aisome midomo yake.

"Shida ni uzito, mama. Koni, ile karatasi ya spika inayotikisika, ni kama ng'ombe anayeteremka mlima. Ukimwambia simama, hasimami palepale."

Dawa yake ilikuwa waya wa pili, mwembamba, aliouzungusha pamoja na ule wa kawaida nyuma ya koni ya spika aliyotuundia. Waya wa kwanza hubeba amri kutoka kwa amplifaya, mtambo unaoipa spika nguvu. Wa pili hausukumi kitu. Ukitikisika kwenye sumaku ya spika huzaa umeme kidogo tu, na umeme huo hurudi kwa amplifaya kusema koni imekwenda kwa kasi gani. Amplifaya hulinganisha habari hiyo na amri iliyotoa. Koni ikipitiliza, huizuia, ikizembea, huisukuma.

Nyanya akacheka. "Kumbe ni kama kulea watoto! Unamtuma, halafu unafuatilia."

Basi Jumapili iliyofuata akakubali kuja. Sanduku jipya la spika ya fundi liliwekwa mbele, koni ikitazama juu. Na unawajua kina mama wa kwetu: kitu kizuri hakiachwi uchi. Wakalifunika kwa kitambaa cheupe cha kufuma, na juu yake, katikati kabisa, pale penye koni, wakaweka chombo cha maua kilichojaa maji. Fundi alikuwa nyuma ya pazia na mitambo yake, hakuona.

Wimbo ukaanza. Nyanya alikuwa pekupeku kando yangu, mdundo ukija safi, na kidevu chake kikainuka kama zamani. Kufika ubeti wa pili, maua yakaanza kutetemeka. Koni ilikuwa imelemewa. Waya wa pili ulipeleka habari kwamba haisogei ilivyoamriwa, amplifaya ikaongeza nguvu, ikaongeza tena, mpaka ikafika mwisho wake. Harufu ya kuungua ikatoka nyuma ya pazia, mdundo ukaanza kukwaruza. Nyanya akasita. Mungu wangu, nilijua akikosea leo hatarudi kanisani maisha yake yote.

Akatoka kwenye benchi. Akapita mbele ya mchungaji, miguu mitupu, akainua kile chombo cha maua. Mdundo ukafunguka. Alikikumbatia kifuani, maji yakimlowesha gauni, akaimba, na wimbo ulipokoma akakoma nasi sote.

"Nimechelewa mdundo?" alimuuliza fundi tulipotoka nje. Fundi akatikisa kichwa, macho yamejaa machozi.

Fundi alihamia Ishiara kwa mwanawe. Spika ilipoharibika hakukuwa na wa kuzungusha waya ule, ikauzwa kama chuma chakavu. Sakafu nayo sasa ni ya vigae. Nyanya tulimzika wakati wa mvua. Tuliuimba wimbo wake pale kaburini, kila mtu na mdundo wake, tukamaliza mmoja mmoja, vibaya sana.