Dhahabu Kwenye Kinu cha Mama Mkwe

Nilioa nikiwa na mvi, na ziara yangu ya kwanza ukweni, kule Chawia, ndiyo ingeamua kama mimi ni mtu wa adabu. Nilikuwa nimetoka Kakamega, nilikoona nyundo kuukuu za chuma zilizoponda mawe ya dhahabu enzi za mkoloni. Nilisimama mbele yazo nimeduwaa, nikaokota jiwe jeupe la aina ileile.

Ukweni nililitwanga kwa siri kwenye kinu, nikaosha unga wake kwenye karai. Chini zikabaki chembe za njano. Nikazifunga upesi kwenye leso, hata kinu sikukiosha. Mama mkwe akatwangia kisamvu humo.

Mezani baba mkwe alitafuna, akasita, akamgeukia mkewe. "Mama Mghoi, leo umetupikia kokoto?" Akatema kitu kiganjani. Kikametameta.

"Usitupe, baba!" nikapiga kelele. "Hiyo ni dhahabu yangu!"