Chuo Alichokitaka Musembi

Watu wa mtaa wa Kabiria, pembezoni mwa jiji, walimwita Musembi daktari, na kila alipoitwa hivyo moyo wake uliruka. Hakuwa daktari. Alikuwa afisa wa kliniki mwenye diploma, akitibu vichomi na vikohozi vya watoto katika zahanati moja ndogo mtaani. Ugonjwa ukimzidi, alimtuma mgonjwa hospitali kubwa kwa madaktari wenyewe, kisha akashinda akijiuliza walimfanyia nini.

Miaka miwili mfululizo aliomba nafasi ya kusomea udaktari, na mara zote mbili aliomba chuo kimoja tu: kile cha mjini, kinachogombewa na kila mwenye alama za juu. Mara zote mbili alikosa. Sasa maombi yalikuwa yamefunguliwa tena, naye hakuwa na raha. Chai ilipoa mezani. Alisimama mlangoni, akarudi, akashika simu, akaiweka.

"Baba Debra," mkewe Nanyama alimwambia Jumamosi moja akimsuka binti yao, "mwaka huu unaomba wapi?"

"Si ni pale pale tu."

"Na kile cha kwetu magharibi? Ama cha Pwani? Huko hakuna msukumano kama wa hapa."

"Huko ni mbali. Na nani anavijua?"

"Kwani huko wanafundisha mwili gani, si huu huu wa mtu?" Nanyama hakuinua macho. "Niambie ukweli. Unataka kuwa daktari ama unataka lile jengo?"

Musembi alichukua koti akatoka.

Jumatatu aliomba ruhusa kazini akaenda mjini, asikie kwa masikio yake. Katika ofisi ya usajili ya chuo alimkuta mama mmoja wa makamo, mpole, aliyemsikiliza hadi mwisho.

"Kijana wangu, wenye diploma tunachukua wachache sana," alisema. "Na wanaoomba ni wengi, wengine wana alama kukushinda. Omba, sikukatazi. Lakini usiombe hapa pekee."

Alitoka hapo akashindwa kurudi nyumbani. Miguu ilimpeleka yenyewe, akapanda kilima cha Museum Hill kando ya magari yaliyosimama foleni, mpaka mtaa wa Westlands, kwenye hospitali alikofanya kazi Ogutu. Walikuwa wamesoma diploma pamoja. Ogutu akaenda chuo cha mbali kisichosifiwa na mtu, na sasa alikuwa daktari kamili.

"Mimi niliangalia tu pahali watu hawasukumani," Ogutu alimwambia wakila chakula cha mchana. "Nikapata mara ya kwanza."

"Kwa hivyo ulifanya vizuri."

Ogutu aliweka kijiko chini. "Sijui. Siku moja nilirudi likizo, kijana wangu akanikimbia. Alidhani mimi ni mgeni. Hiyo bado inaniuma, Musembi."

"Sasa unanishauri nini?"

"Sikushauri. Nakuambia vile ilikuwa."

Jioni Musembi alimsimulia Nanyama yote, hata lile la mtoto kumkimbia babake. Alitumaini kidogo kwamba mkewe angeogopa, amwambie basi, kaa.

"Debra atakulilia," Nanyama alisema. "Lakini hii miaka miwili umekaa na sisi na hukuwa hapa. Mtoto anakuongelesha, unaangalia ukuta. Heri nijue uko mbali."

Maneno hayo yalimchoma. Usiku huo alituma maombi. Alitanguliza chuo cha magharibi, akafuatisha cha Pwani. Kile cha mjini alikizungukazunguka, akakaribia kukiacha, kisha akakiweka cha mwisho.

Cha mjini kilimkataa tena. Cha Pwani kilinyamaza. Jibu la magharibi, kwamba amepata nafasi, lilifika akiwa anampima mtoto kifua. Alilisoma kwa jicho moja, akamaliza kumpima mtoto, akamweleza mama yake dawa, ndipo akatoka nje nyuma ya zahanati. Alikuwa amedhani atapiga kelele. Badala yake aliegemea ukuta akiwaza jinsi ya kumwambia Debra.

Siku ya kuondoka, Debra alijificha chini ya meza akakataa kumuaga.

Darasani Musembi alikuta vijana waliomwita mzee, na masomo yaliyomkimbiza. Chuo kilikuwa kizuri kuliko alivyofikiri, naye aliona aibu kidogo kwa hilo. Lakini kila Jumapili alipopiga simu nyumbani, Debra hakutaka kuongea. Jumapili ya kwanza hakutaka. Iliyofuata hakutaka.

Kisha Jumapili moja akaichukua simu mwenyewe, bila salamu, akaanza kumweleza kuhusu jino linalocheza, na jinsi alivyomkataza mama kulivuta. Musembi alikuwa amesimama nje ya hosteli kwenye jua kali, pale pekee mtandao uliposhika. Jasho lilimtiririka mgongoni. Hakuthubutu kusogea hata hatua moja, asije akaipoteza ile sauti.