Bi Spika, mwita watu kwenye bajeti

Saa moja na nusu asubuhi, mwanamke mwenye kipaza sauti anasimama mbele ya duka la vyuma, anasafisha koo, na barabara nzima inageuka.

“Mlioamka na mnaojisingizia usingizi,” anaita, “kesho saa nne, bajeti ya manispaa. Njooni msemewe na midomo yenu wenyewe.”

Wanamwita Bi Spika. Kwa miaka kumi na mmoja amekuwa kibarua wa manispaa kila msimu wa bajeti, akiwaita wananchi mkutanoni.

Mwaka wa kwanza walikuja tisa, na wawili kati yao walikuwa wamekimbia mvua. Walisomewa makaratasi yaliyokwisha pigwa muhuri, wakapiga makofi, wakaenda zao. Mwaka wa pili kulikuwa na soda, ukumbi ukafurika. Soda zilipokoma, watu nao wakakoma.

Mwaka wa tano, muuza mkaa mmoja alimkatiza katikati ya tangazo, akamuuliza ulipo mtaro waliouomba mwaka uliopita. Bi Spika akazima kipaza sauti, akarudi nyumbani.

“Nilijiona mwongo wa kulipwa,” anasimulia. “Nikamwambia mume wangu, sitangazi tena.”

Mumewe, fundi viatu, hakuinua hata macho kwenye soli aliyokuwa akiishona. Alimjibu tu kwamba aende akauulize huo mtaro.

Akaenda. Mweka hazina alimpiga danadana wiki mbili, mpaka alipochoka kumkuta kila asubuhi kwenye benchi la mlangoni pake. Akampa karatasi: maombi kumi na saba, yaliyotekelezwa manne. Mtaro haukuwamo katika hayo manne.

Bi Spika akayatangaza yote kumi na saba, mtaa kwa mtaa. Ofisini walinuna. Lakini safari hiyo walikuja watu karibu mia mbili, wengi wamefura kwa hasira, na hawakuondoka mpaka mtaro ulipoandikwa wa kwanza.

Ulichimbwa. Siku hizi sehemu ya bajeti hupigiwa kura na wakazi wenyewe. Mwaka jana walifika mia sita, na muuza mkaa ndiye aliyehesabu kura.

Kesho Bi Spika ataomba zahanati iwe na mkunga wa zamu ya usiku. Mjukuu wake wa kwanza alizaliwa kwenye baraza ya zahanati, mlango umefungwa. Wa pili yu njiani.

“Nimewaita watu miaka yote hii,” anasema, akicheka mpaka mabega yanatikisika. “Mwaka huu nimejiita na mimi.”