Kidonge Kwenye Ncha ya Leso

Nikisema ukweli, watamwondoa mama kwenye jaribio? Na wakimwondoa, nani atampima tena? Swali hilo liliniibia usingizi wiki nzima. Kila nilipoligeuza, lilizaa mengine.

Mama alipasuliwa saratani ya utumbo mpana, kisha akaingizwa kwenye jaribio hilo la dawa, katika kliniki huko Arua: kidonge kimoja kila siku, ionekane kama kitazuia ugonjwa kurudi. Kinaweza kuwa dawa, kinaweza kuwa unga mtupu. Hata daktari hajui nani amepewa kipi. Kwa kuwa nina digrii na sina kazi, nilikabidhiwa daftari nitie alama kila anapomeza. Nilizitia kila asubuhi, tena kwa majivuno.

Kumbe leo anameza, kesho anampelekea jirani yetu hapa Ludara, ninayemwita shangazi. Jirani alipasuliwa ugonjwa uleule, ila jaribio lilimkataa: upasuaji wake ulikuwa wa zamani mno. Nilimfumania mama akifunga kidonge kwenye ncha ya leso.

"Mama, umenifanya mwongo!"

"Yeye pia walimupasua tumbo. Mimi nimeze, yeye iko naangalia tu?"

"Dawa si muhogo wa kugawana, mama!"

"Umesoma, lakini mkono yako iko mufupi, haijui kugawa." Akacheka. "Ama daktari ataingia ndani ya tumbo yangu kuhesabu?"

Kwetu hupiki nyama jirani akaambulia harufu. Sawa. Lakini jirani aliponiambia haendi tena kupimwa, maana sasa ana dawa, nilimaka. Dawa gani? Labda unga! Nilimkasirikia mama. Niliwakasirikia waliochora mstari, huyu ndani, huyu nje, kisha wa nje wakamwacha aende zake bila hata neno la kumwambia aendelee kupimwa. Na mimi je, niliyetia alama bila kuutazama mdomo wa mama? Msomi mzima!

Siku ya kliniki nilikata kila alama ya kidonge ambacho sikukiona kikimezwa. Zilikuwa karibu zote. Nikaenda kwa jirani.

"Shangazi, vaa viatu. Tunakwenda Arua."

Huko nililiweka daftari mezani kwa muuguzi, nikasema yote. Mama aligeuza uso ukutani. Muuguzi akafunua kurasa, akaanza, "Sasa, kuhusu mama yako..."

"Hilo nitalisikia," nikamwambia, nikimvuta shangazi mbele. "Kwanza huyu apimwe."